Siku Niliyokataliwa Kutoa Damu

Ilikuwa Jumatano asubuhi, wiki mbili kabla ya UE. Mama yake rumeti wangu alikuwa amelazwa, anasubiri upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, na ndugu walikuwa wameambiwa watafute watu watatu wa kuchangia damu. Rumeti akaingia chumbani macho mekundu. "Shosti, mjomba kakubali, kaka kakubali. Nimebakiza mmoja tu." Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu. Miaka 22, sijawahi kulazwa hata siku moja, na mwili si haba. Kama mimi sina damu ya kutoa, nani anayo?

Walinipima uzito, wakanitoboa kidole kuangalia wingi wa damu, kote nikapita. Kisha nesi akanivisha mkononi kile kitambaa cha mashine ya presha. Kikajaa upepo, kikabana, kikaachia. Nesi akaangalia namba, akaniangalia mimi, akaangalia tena namba.

"Umepanda ngazi kwa kukimbia?"

"Hapana, sista."

"Kuna kitu kinakutia hofu?"

"Hapana."

Akaniambia nikae kwenye benchi dakika 15, nisiongee na mtu, nisishike simu. Mara ya kwanza ilikuwa 158 kwa 102. Mara ya pili ikawa 154 kwa 100. Akaandika kwenye karatasi, akashusha sauti ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie. "Mwanangu, damu yako leo hatuichukui. Nenda kamwone daktari, na usipuuzie."

Nje rumeti alikuwa ananisubiri na juisi na biskuti, za kunirudishia nguvu nikishatoa. Nikamwambia wamenikataa. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa upole, "Una mimba?" Nikacheka. Halafu nikalia.

Niseme mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi: mama alipata damu. Aliyetoa ni kijana mmoja wa darasani kwetu ambaye tulizoea kumtania kwamba upepo wa kaskazi utamchukua siku moja. Upasuaji ulikwenda vizuri na mama yuko nyumbani. Anayeandika hapa ni yule mwenye mwili, aliyerudi hosteli na damu yake yote.

Presha nilikuwa naijua kama ugonjwa wa wakubwa. Ni kitu cha shangazi anayeambiwa habari ya msiba akiwa amekalishwa kwenye kiti kwanza. Kumbe namba hazijali umri. Kwa mtu mzima, presha nzuri iko chini ya 120 kwa 80, na ikifika 140 kwa 90 kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo inaitwa shinikizo la juu la damu, uwe na miaka 70 au 22. Na mimi sikuwa naumwa chochote. Sikuwa na kichwa kuuma wala kizunguzungu. Ningekuwa na jino bovu ningelijua siku ya kwanza, lakini hili ningeweza kuishi nalo miaka 10 nikiwa nacheka, mpaka siku moja nianguke na kiharusi.

Usiku ule nikampigia mama. Nilitarajia anitulize. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata, halafu akasema, "Mimi natumia dawa za presha mwaka wa sita huu. Sikutaka kuwatia hofu mkiwa masomoni. Na babu yako, unakumbuka alivyoondoka." Nilikuwa nakumbuka. Alianguka chooni asubuhi, upande mmoja ukafa, hakumaliza mwezi. Nyumbani siku zote walisema ni mambo ya watu.

Daktari wa zahanati alinipima siku tatu tofauti. Ilishuka kidogo, lakini haikushuka chini ya 150 hata siku moja. Kwa sababu ya umri wangu akaagiza vipimo vya figo, mkojo na sukari, kwani kijana akiwa na presha lazima watafute kama kuna kitu kingine nyuma yake. Vyote vikatoka salama. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulipenda: "Unakula nini?"

"Kawaida tu, dokta."

"Hiyo kawaida niandikie. Siku 7, kila kinachoingia mdomoni. Usinidanganye, maana utakuwa unajidanganya mwenyewe."

Sasa, wewe unayesoma hii unaijua hiyo kawaida. Asubuhi una kipindi cha saa moja, unatoka na chai ya mkandaa au bila kitu. Mchana foleni ya kafeteria ni ndefu, na bumu limebaki kidogo, basi unapiga pasi ndefu. Jioni kuna diskasheni. Mkimaliza saa nne usiku kafeteria imeshafungwa zamani, mama lishe amelala, na mahali pekee penye taa, moto na harufu ni bandani kwa mkaanga chipsi. Unafika ukiwa hujala tangu jana. Unasema, "Kaka, zege, weka na soseji mbili." Soda baridi hiyo hapo kwenye friji. Hakuna kitu kizuri duniani kama zege la moto saa nne na nusu usiku kwa mtu mwenye njaa ya siku nzima, na sitamruhusu mtu aniambie vinginevyo.

Niliandika kwa siku 7 kama nilivyoambiwa. Chipsi mara 9. Soda 11. Energy 4, zote usiku wa kupiga msuli. Soseji sikuhesabu, niliona aibu. Mboga ilikuwa kachumbari, vile vipande vitatu vya nyanya na kabichi pembeni ya sahani. Tunda lilikuwa ndizi moja, nayo ya kupewa.

Nikakaa na kikokotoo. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, yaani vijiko vidogo karibu 9. Soda 11 ni zaidi ya gramu 380. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku, na 350 kwa wiki. Soda peke yake zilishavuka, na hapo energy na chai yangu ya vijiko vitatu bado havijaguswa.

Chumvi ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Shirika hilohilo linasema mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 kwa siku, ambayo haijazi hata kijiko kimoja cha chai. Mwangalie mkaanga chipsi siku moja. Anatia chumvi kwenye mayai, anamwagia chipsi zikitoka kwenye mafuta, kachumbari ina yake, soseji imekuja nayo kutoka kiwandani, tomato sosi nayo vilevile. Halafu kuna kile kikopo chenye matundu mezani, ambacho mimi nilikuwa nakitikisa kabla hata ya kuonja.

Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi. Chumvi inashika maji. Ukila nyingi, maji yanabaki kwenye damu, damu inaongezeka wingi ndani ya mishipa ileile, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Fanya hivyo kila siku, mishipa inakuwa migumu. Figo ndizo zinazotoa chumvi ya ziada, na zinasaidiwa na madini ya potasiamu, ambayo yako kwenye maharage, mchicha, ndizi, parachichi. Kwa hiyo kwangu ilikuwa hasara mara mbili. Nilijaza chumvi, na vya kuniondolea nikaviacha sokoni. Ajabu ni kwamba hata kiazi chenyewe kina potasiamu ya kutosha. Kiazi hakina kosa. Kiazi cha kuchemsha cha gramu 100 kina kalori kama 90. Gramu 100 za chipsi zina kama 300. Yale mapovu unayoyaona kwenye karai ni maji ya kiazi yanatoka, na zikishaepuliwa, mafuta yaliyoganda juu yanavutwa kuingia mahali maji yalipokuwa.

Kuhusu mafuta, nilikwenda kumuuliza kaka wa bandani mwenyewe. Tumezoeana, ananiita "mteja wa kudumu." Nilimuuliza mafuta anabadilisha lini. Hakukasirika. "Mdogo wangu, nikuambie ukweli. Simwagi. Yakipungua naongeza juu. Yakiwa na uchafu nachuja. Dumu la lita 20 unajua bei yake? Nikimwaga kila siku, zege nitakuuzia elfu tano, na wewe hutakuja." Nikakosa la kujibu, kwa sababu ni kweli nisingekuja. Mafuta yakichemshwa tena na tena yanavunjikavunjika, yanakuwa meusi na mazito, yanatoa ule moshi unaochoma macho, na yanatengeneza kemikali zisizo rafiki kwa mishipa ya damu. Anayeyavuta kifuani usiku kucha ni yeye. Sisi tunayala, tunalipa elfu tatu, tunaondoka.

Daktari hakutaka nifanye chipsi mchawi. "Chipsi peke yake haijakuletea hii," alisema. "Una urithi. Umeongezeka kilo 16 tangu mwaka wa kwanza. Hulali. Unakunywa energy. Hutembei. Lakini mama yako siwezi kukubadilishia, basi tuanze na kinachobadilika." Kilo 16 ni kweli. Niliingia chuo na 63, siku ile nilikuwa na 79. Na kila nilipokwenda likizo watu walinisifu. "Umenawiri! Chuo kimekupenda!" Jirani mmoja alimwambia mama kwamba sasa naonekana mtu wa chuo. Kwetu kunenepa ni matokeo mazuri, yanabandikwa ukutani. Hakuna aliyewahi kunitazama na kuona mgonjwa, na mimi mwenyewe pia sikuona.

Nilijiuliza kwa nini nilikuwa nakula kiasi kile bila kushiba. Kuna utafiti mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka 2019 na timu ya Kevin Hall. Waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti kwa mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kutoka kwenye vitu halisi, na kila mtu aliambiwa ale atakavyo. Milo ilipangwa ilingane kwa sukari, mafuta na chumvi. Bado, kwenye vyakula vya kiwandani watu walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Walikula haraka zaidi pia. Nilivyosoma hilo nilijiona mwenyewe. Ukiondoa kiazi na yai, sahani yangu ilikuwa ya kiwandani: soseji, sosi, soda. Na zege nilikuwa nalimaliza kabla ya mwenzangu hajafungua mfuniko wa soda.

Daktari alinipa miezi mitatu ya kujaribu bila dawa. Kama haishuki, dawa zinaanza. Nilitoka pale nikiwa na nia kubwa, na siku ya tatu nikarudi bandani. Sikurudi kwa uroho. Ilikuwa saa nne usiku, nilikuwa na njaa, na hapakuwa na kitu kingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mabango ya afya hayasemi. Tunaambiwa tuache chipsi kana kwamba tumesimama mbele ya meza mbili, moja ina chipsi, nyingine ina mchicha, na sisi kwa ujinga wetu tukachagua chipsi. Meza ya pili haipo. Hosteli hairuhusu kupika, na sababu yake ninaielewa, maana hita na nyaya za umeme zimeunguza vyumba vya watu. Kafeteria inafungwa kabla vipindi vya jioni havijaisha. Matunda yanauzwa mchana, kwenye jua, wakati tuko darasani. Bumu linaingia kwa mkupuo, tunakula kuku wiki mbili, halafu tunahesabu shilingi. Ukitaka mwanafunzi asile chipsi, kwanza mwonyeshe atakula nini, wapi, saa ngapi.

Kilichoniokoa ni rumeti. Aliniambia, "Ulitaka kumpa mama yangu damu. Siwezi kukuangalia unaharibika." Tuna rafiki wa darasani aliyepanga chumba nje ya chuo, ana mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili. Tukawa wanne. Kila mmoja anatoa elfu 15 kwa wiki. Mimi kwa bandani nilikuwa natoa 3,700 kwa mlo mmoja, zege na soda, bila soseji. Siku tano tu ni 18,500. Jumapili tunachemsha maharage sufuria kubwa. Jioni mwenye zamu anatoka mapema, anapika wali au ugali, mboga za majani, siku nyingine dagaa. Anayechelewa diskasheni anawekewa kwenye hotpoti. Mkungu mdogo wa ndizi unaning'inia nyuma ya mlango.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa tamu. Wiki ya kwanza maharage yenye chumvi kidogo yalikuwa kama nakula karatasi. Tukajifunza kutumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, karanga za kusaga. Tuligombana kuhusu zamu, mmoja akanuna siku mbili kwa sababu ya sufuria iliyoachwa imeungua. Wakati wa UE nilikula chipsi siku nne mfululizo na kunywa energy mbili. Lakini baada ya kama mwezi jambo la ajabu likatokea. Nilionja zege la mtu bandani, nikasema, "Kaka, leo umezidisha chumvi." Akanishangaa. Alikuwa ameweka kama siku zote.

Nikaanza pia kushuka kwenye daladala kituo kimoja kabla. Soda nikaibakiza ya harusini na ya Jumapili. Miezi mitatu ilipokwisha mashine ilisoma 138 kwa 88, na daktari akasema tuendelee bila dawa lakini nirudi kila mwezi. Mwezi wa sita nilikuwa 126 kwa 82, na kilo 71. Alinionya nisishangilie kama mtu aliyepona. Urithi uko palepale, na huenda nikiwa mkubwa nitatumia dawa kama mama. Nimekubali. Tofauti ni kwamba mimi najua namba yangu, na babu hakuijua yake.

Kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, nina ombi, na nadhani ni dogo kuliko mengi mnayoahidi wakati wa kampeni. Jengeni hoja ya chumba kimoja cha kupikia kwa kila hosteli, chenye majiko salama na mtu wa kukisimamia. Ongeeni na mama lishe mmoja au wawili wabaki mpaka saa nne usiku, chuo kiwawekee taa tu. Na kile kikopo cha chumvi kitoke mezani, akitaka mtu aombe. Mkaanga chipsi wetu abaki, ana watoto anaowasomesha, na Ijumaa mimi bado ni mteja wake: chipsi kavu, chumvi kidogo, kachumbari mara mbili. Ananicheka, lakini ananipimia.

Mwezi uliopita watu wa damu salama waliweka hema pale karibu na uwanja. Nilipanga foleni na rumeti nyuma yangu. Nesi, si yule wa kwanza, akanivisha kitambaa. Kilipoanza kubana moyo ulinienda mbio mpaka nikaogopa utaniharibia namba. 128 kwa 84. "Lala hapo, binti," akasema, akaanza kutafuta mshipa. Rumeti alikuwa ameshika juisi na biskuti, zilezile za siku ile.

Yeye alipopimwa alikuwa 142 kwa 92. Tumekula sufuria moja miezi yote hii, na bado. Jumatatu nampeleka zahanati apimwe tena. Ukitaka kuja nasi, njoo. Kupima presha kwa zahanati yetu hawakutozi hata shilingi, na hakuzidi dakika kumi.